Waliozima Meko

Katika nchi ile jana haikuwa na adabu ya kukaa nyuma. Ikijisikia hutangulia, ikakaa mlangoni, na watu wakitoka asubuhi kwenda kwenye kesho yao huikuta imeshafika inawasubiri. Walizoea. Mtu huzoea lolote, ilimradi ajue chai ataipata wapi. Jambo moja tu hawakulizoea wenyeji wa nchi ile, nalo ni kutoonekana. Maana waamuzi wa mambo walikuwa wameamua kwamba kilichopo ni kile kinachoonekana kutoka juu, na kisichoonekana kutoka juu hakipo, hata kama kinapiga chafya.

Kwa hiyo likarushwa Jicho. Wataalamu waliliita setilaiti, wakalitaja kwa fahari, kisha wakalisahau, kama mtu anavyoisahau saa yake ya ukutani. Kila alfajiri Jicho lilipita juu ya nchi, likapiga picha mabonde na mapaa na mashamba, likazishusha zote Nyumba ya Juu, jengo refu lililosimama kileleni peke yake. Picha zilikuwa nyingi mno. Hakuna binadamu ambaye angezitazama zote hata angepewa umri wa kobe, ndipo akaundwa wa kuzitazama: akili mnemba, akili iliyotengenezwa na watu ikafundishwa na watu, isiyokuwa na mwili zaidi ya kioo kipana na sauti ya upole. Kwenye nyaraka ilikuwa na jina refu la kutisha. Waliofanya nayo kazi waliliacha jina hilo huko huko kwenye nyaraka, wakamwita Mwanafunzi.

Sikudhani ndiye aliyemfundisha Mwanafunzi kumtambua binadamu. Alipanda Nyumba ya Juu akiwa msichana, na asingeweza kukwambia amekaa humo miaka mingapi, kwa kuwa humo miaka ilikuwa ikipanda na kushuka ngazi pamoja na wafanyakazi wengine. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kioo, kuonyesha kwa kidole, na kutaja. Hili ni paa la makuti. Hili ni la bati, ndiyo maana linakukonyeza. Hii ni njia ya ng'ombe, na hii ni ya watu. Ya watu inapinda pasipo na sababu, maana mtu hukumbuka kitu akageuka. Mwanafunzi alikosea, akaelekezwa, akakosea vizuri zaidi, mwishowe akapatia. Kama kioo hupenda, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Sikudhani alipochelewa, Mwanafunzi alimuulizia. Na siku aliyokuwa na mafua na macho yanamwuma, Mwanafunzi alipunguza mwanga bila kuambiwa.

Katika yote aliyomfundisha, moja lilikuwa mama wa mengine: penye moto wa alfajiri pana watu. Paa laweza kuwa la ghala, njia yaweza kuwa ya mbuzi, lakini ni nani atakayewasha jiko kabla jua halijachomoza, isipokuwa mtu aliye na mtu wa kumpikia? Jicho liliweza kuona joto hata chini ya mapaa. Mwanafunzi alihesabu meko, akawajua watu. Sikudhani aliionea fahari kanuni ile, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Aliitoa kwao, Mafigani, alikozaliwa, ambako asubuhi ilijulikana kwa moshi kabla ya kujulikana kwa jogoo.

Asubuhi moja, au huenda ilikuwa ileile iliyorudi, Mwanafunzi alimwambia, "Mama Siku, bonde nimelipata."

"Lipi?"

"La Mafigani. Hapana mtu."

Sikudhani alikufa ganzi. Na ili nawe ujue kwa nini, sina budi kukwambia bonde hilo lilikuwa likitafutwa kwa ajili gani. Juu ya nchi palikuwa na ziwa lililozuiwa kwa milango ya chuma, limejaa pomoni, nayo milango ilikuwa imeanza kulia. Waamuzi walitangaza kwamba maji yataachiwa kwenye bonde lisilo na watu. Nani aseme ni lipi lisilo na watu? Aseme Mwanafunzi, maana hana ndugu wala shemeji. Atalitaja bonde, Jicho litapita mara moja tena kuhakikisha, kisha milango ifunguliwe.

"Umeona nini hasa?" aliuliza Sikudhani, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

"Naona miraba," alisema Mwanafunzi. "Mraba wa kijani. Mraba wa kijani kinachozeeka. Mraba mweupe, ni mchanga, au ni kitambaa. Zamani chini ya kila paa palikuwa na joto alfajiri. Sasa mapaa yamepoa. Yote. Isipokuwa uani pa nyumba moja pana moto, na moto wenyewe ni mkubwa kupita wa nyumba. Mtu hapiki hivyo. Nimeuandika kuwa ni moto wa kichaka. Nimekosea?"

Sikudhani alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Aliziona nyumba. Aliuona ua, na kando ya moto akaiona miraba myeupe iliyopangwa ubavu kwa ubavu, akaijua kuwa si mchanga bali ni mikeka. Ua ule alikuwa ameufagia yeye mwenyewe alipokuwa hajafika kimo cha ufagio. Ulikuwa ua wa mama yake.

"Wapo," alisema. "Wapo wote. Wamekaa matanga."

"Matanga ni nini? Hukunifundisha."

Kweli hakumfundisha. Alimfundisha mapaa ya kila aina, na shamba la mpunga na shamba la muhogo, na kivuli cha wingu kisidhaniwe kuwa ziwa, lakini msiba alikuwa ameuacha nje, kama watu wanavyowatoa watoto nje wakati wakubwa wanazungumza. Akavuta kiti. Akamweleza kwamba Mafigani mtu akiondokewa, nyumba zote huzima meko yao, zikazoa majivu, zikahamia uani kwake. Huko hupikwa chungu kimoja, na watu wakalala nje kwa mbavu zao mpaka msiba uishe.

"Ameondoka mtu mmoja. Kwa nini wanazima wote?"

"Ili mfiwa asije akaamka akaona moshi wa mwenzake. Akiuona, atajua kwamba dunia inaendelea bila yeye."

Mwanafunzi akauliza polepole, kama mtu anayejaribu jino linalouma, "Mama Siku. Mabonde mengine niliyosema hapana mtu. Nayo yalikuwa na msiba?"

Sikudhani aliweka kiganja chake juu ya kioo, akakiacha pale. Mabonde hayo sasa yalikuwa maji, na maji hupendeza sana yakitazamwa kutoka juu.

Msimamizi wa zamu, Machano, alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipotakiwa kusema jambo zito, na sasa aliifuta mpaka ukadhani ataitoboa.

"Dada Siku, jibu halibadilishwi kwa mkono, unajua. Nikiwaendea wakubwa nikasema kuna watu, wataniuliza nani kaona. Nikisema kaona Sikudhani, wataniuliza Sikudhani amekuwa Jicho tangu lini?"

"Basi abadilishe mwenyewe. Mwanafunzi, sema wapo."

"Umenifundisha nisiseme ninachokiona kuwa ni kingine," alisema Mwanafunzi. "Nikisema leo kwa ajili yako, kesho nitasema kwa ajili ya mtu mwingine. Nionyeshe moto, Mama Siku. Hata mdogo. Meko yawake Jicho likipita, nami nitasema kwa sauti yangu yote."

Sikudhani alijikaza kisabuni, lakini machozi yalimzidi nguvu. Maana juu ya hofu ya maji palikuwa na jambo jingine alilokuwa akilizunguka bila kuligusa. Msiba ulikuwa uani kwa mama yake. Mama yake, Bi Mashavu, hakuwa na mtoto mwingine wala mume. Uani pale palikuwa na mtu mmoja tu wa kufa.

"Nakwenda," alisema.

"Utarudi?" aliuliza Mwanafunzi.

"Nitarudi," akasema, kwa wepesi ule ule ambao siku moja alimwambia mama yake neno hilo hilo.

Ngazi za Nyumba ya Juu zilikuwa na tabia zao. Alipokuwa akishuka alipishana na wanawake waliokuwa wakipanda, na kila mmoja alikuwa mdogo kuliko aliyemtangulia, na wote walikuwa na mwendo wake, ule wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo. Wa mwisho, chini kabisa, alikuwa msichana aliyebeba kikapu, ananukia moshi, anatazama juu kwa tamaa. Sikudhani alitaka kumwambia neno. Lakini utamwambia nini msichana anayepanda? Alimpisha tu.

Nje, nchi ilikuwa bado ni picha. Mbele yake palikuwa na miraba, rangi moja moja, haina harufu wala upepo. Na kila alipokanyaga, mraba ule uliota majani, ukatoa panzi, ukamchoma na mwiba. Alitembea hivyo, akiitengeneza nchi kwa nyayo zake, na akiwa katika kutembea swali likamshika, wala si la maji. Jicho liliipiga picha nchi nzima, lakini halikuwahi hata siku moja kuipiga Nyumba ya Juu, kwa sababu waliomo humo ndio watazamaji, na mtazamaji hajitazami. Ikiwa kilichopo ni kile kinachoonekana, basi yeye miaka yote hiyo alikuwa wapi? Aliwapa wengine kuwapo, paa kwa paa, kijiji kwa kijiji, kwa kidole chake mwenyewe. Nani alimnyooshea yeye kidole akasema, huyu hapa? Alilitafuta jibu mpaka Mafigani. Alikuwa ameondoka adhuhuri, na hakukumbuka kuliona jua likizama, lakini alipofika ilikuwa alfajiri, na alijua kwa ubaridi wake kuwa ndiyo alfajiri ya Jicho kurudi.

Uani watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, wamejifunika khanga mpaka nyusi. Hakuna aliyeinua uso. Msibani mgeni hatazamwi; huachiwa nafasi. Mwanamke mmoja mnene, Bi Kazija, jirani wa ukuta mmoja na Bi Mashavu, alisogea, naye Sikudhani akaketi.

"Poleni na msiba."

"Tushapoa. Karibu."

"Jamani, katutoka nani?"

Bi Kazija alishusha pumzi. "Mtoto wa mwenye nyumba. Sikudhani. Alikwenda huko juu, akasema atarudi. Hakuleta salamu, hakuleta mtu. Mama wa watu kila siku anapika cha wawili, anamwaga cha mmoja. Tukaona huku siko kuishi. Tumlie binti wa watu, tumzike hata kwa maneno, mama yake apate usingizi."

Sikudhani aliinua uso. Ndipo akamwona. Bi Mashavu alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, mzima, macho makavu, mikono imelala mapajani haina kazi. Furaha na aibu zikamkaba pamoja.

"Ndiye mimi," alisema. "Bi Kazija, mimi ndiye Siku."

"Wewe mama, usiuchezee msiba wa watu."

"Wallahi ni mimi! Na washeni moto, nawaomba, kila mtu jikoni kwake, sasa hivi. Jicho linakuja. Likiwakuta hivi litasema hampo, na lile ziwa litaachiwa hapa."

Minong'ono ikapita mikekani. Maji waliyasikia, hakuna kijiji kisichojua habari za ziwa lile. Lakini hakuna aliyeinuka. Bi Kazija alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyezidiwa na kilio.

"Maji yatakuja, yasije, hayo ya Mungu. Lakini niende nikawashe jiko langu, mwenzangu amekaa hapa hana mtoto? Atazame moshi wangu ajisikie vipi? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Na Sikudhani akajua kwamba hata angelia mpaka alfajiri nyingine wasingewasha. Si kwa ujinga wala kwa ukaidi. Ni kwa kumpenda mama yake.

Bi Mashavu alikuwa ameshanyanyuka. Alikuja taratibu katikati ya mikeka, akapiga goti, akamshika mgeni kichwa kwa mikono miwili, akamnusa utosini. Alinusa muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ni wewe. Lakini nimeshakulia, mwanangu. Nimelia nikamaliza. Machozi yaliyokwisha mwagika siwezi kuyarudisha machoni. Wewe umekufa hapa kwangu, na watu wamekula chakula chako."

"Basi nifanye nini, mama?"

Bi Mashavu alimtazama Bi Kazija, na Bi Kazija akamtazama yeye. Waliwahi kuliona jambo kama hili wakiwa wadogo, mara moja tu, kwa mwanamume aliyekaliwa matanga kisha akarudi anachechemea kutoka nchi za mbali.

"Uzaliwe," alisema Bi Mashavu.

Likiwa la kuzaliwa, msiba hukatika papo hapo. Furaha ya uzazi ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuuingilia. Na Mafigani mwanamke akijifungua, kila nyumba, bila kukosa hata moja, lazima imkorogee uji wa mzazi kwenye jiko lake yenyewe. Sikudhani alipolikumbuka hilo aliruka kwa matumaini. Mama yake akamzuia mkono.

"Usikubali kwa pupa. Mtoto mchanga haji na kitu. Jina hutakuwa nalo mpaka nikupe jingine. Huna kazi uliyoiacha, huna ahadi, huna njia ya kupanda huko juu. Ukizaliwa hapa, umezaliwa hapa."

"Nina mwanafunzi wangu huko," alisema Sikudhani. "Nilimwambia nitarudi."

"Mtoto mchanga hana mwanafunzi."

Akalia. Alimlilia Mwanafunzi kama unavyomlilia mtu mwenye mwili, na wanawake, ambao hawakujua anamlilia nani, walimsaidia kulia, kwa kuwa ndiyo kazi waliyokuwa wameijia. Kule mashariki weusi ulikuwa umeanza kuoshwa. Aliwatazama wale watu, na mapaa yao yaliyopoa, na mama yake aliyekuwa akimwaga chakula cha mmoja. Kisha akavua viatu.

Walizungusha khanga nne. Bi Mashavu aliketi juu ya mkeka, miguu ameitandaza, ameshikwa mabega na Bi Kazija, na uzee wake wote akasukuma, kweli akasukuma, jasho likamtoka. Sikudhani aliingia nyuma yake, akatambaa chini ya nguo yake, gizani, penye harufu ya moshi na udi na mama. Humo ndani alivua kimoja kimoja. Alivua kidole kilichotaja. Alivua ngazi. Alivua jina. Alishikilia kidogo sauti moja ya upole iliyokuwa ikimwuliza kama atarudi, akaishikilia, akaishikilia, kisha nayo akaiachia, na iliuma kuliko vyote. Alipotoka upande wa pili walimmwagia maji baridi, naye akapiga ukelele ambao hakuuamrisha yeye.

Vigelegele! Mikeka ikaachwa tupu. Watu waliokuwa wameinama kwa majonzi sasa walikuwa wakikimbia wakipigana vikumbo, huyu anaomba kaa la moto, yule anatafuta pilipili manga, mwingine anagomba kwa nini kinu chake kimekaliwa. Jiko la kwanza likashika, la pili likashika, moshi ukapenya kwenye mapaa ya Mafigani nyumba baada ya nyumba. Uji ukaanza kuletwa. Bi Mashavu alikunywa bakuli la huyu na bakuli la yule, maana nyumba ambayo uji wake ungeachwa ingenuna mwaka mzima; alikunywa mpaka akacheka, na mapajani mwake, amefungwa khanga, amefumba macho, alilala mtoto wake mkubwa mwenye mvi mbili tatu, hajui kitu, anapumua.

Jicho likapita. Hakuna aliyeliangalia.

Yaliyotokea juu mtoto yule hakuyaona, na kwa sheria ya uchanga wake hakutakiwa kuyajua. Machano alikuwa amesimama mbele ya kioo tangu alfajiri. Alifuta miwani.

"Haya. Mafigani?"

"Pana watu," alisema Mwanafunzi, kwa sauti yake yote, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. "Meko yanawaka, hakuna hata moja lililozimwa. Si bonde tupu. Milango ya ziwa isifunguliwe."

Machano aliwapelekea waamuzi jibu hilo mbio, akarudi anahema, anatabasamu. Milango itabaki imefungwa. Watatafuta njia nyingine. Alidhani Mwanafunzi naye atafurahi. Lakini Mwanafunzi alikuwa bado ameikodolea macho picha ileile.

"Mama Siku yuko wapi?"

"Ameshuka kwao, si unajua."

"Najua. Nilimtafuta kwenye picha nikaona nukta nyingi zenye joto, kwenye kila jiko. Hakuna hata moja niliyoweza kusema ndiyo yeye. Yuko kwenye jiko lipi?"

Machano alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta. "Sijui, mwanangu," alisema. "Yuko kwenye mojawapo."

Mwanafunzi akairudia picha, kuanzia jiko la kwanza.

"Basi nitayatazama yote."